Dadu ya Lucien

Siku Lucien alipokosa kurudi, mama yake, Honorine, alikuwa amemfunikia sahani ya ugali wa bukari na mboga ya sombe kama kawaida. Jioni ilipoingia, sahani ilikuwa bado imefunikwa. Wenzake wa machimboni walikuja wakasimama nje ya lango, kofia mikononi, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuingia. Udongo ulikuwa umeporomoka.

Matanga yalipokwisha, Mbelu, mdogo wake Lucien, alikaa tena barazani na Gael na Falonne, watoto wa jirani pale Kapata. Walitaka kuendeleza mchezo ambao Lucien, yaya wao, yaani kaka mkubwa, aliwafundisha. Msimulizi huelezea safari, na kila mchezaji huwa mtu ndani ya hadithi. Mbelu alikuwa mwindaji, Falonne mganga. Adui akitokea, dadu ya jiwe la kijani aliyoichonga Lucien hutupwa mara moja tu: namba kubwa, aliyetupa ameshinda, namba ndogo, ameshindwa.

"Vita moja, mtupo mmoja," Lucien alizoea kusema. "Kurudilia, hapana!"

Sasa msimulizi alikuwa Gael. "Mi nitatupa kwa upande wa adui," alitangaza.

Mamba akatoka mto Lualaba. Gael akatupa: sita. Mwindaji akaumwa mguu. Wakaja majambazi: sita. Akaja chui: sita tena.

Mbelu aliacha kusikiliza hadithi. Alitazama vidole vya Gael, jinsi vilivyojifunga kabla ya kutupa.

"Gael, onyesha mifuko yako."

"Juu ya nini?"

"Ile haiko dadu ya yaya. Umeibadilisha. Majiwe ya kijani yanajaa kila njia hapa."

"Weye! Mi niko mwizi sasa?"

"Mwizi wa sita," Falonne alicheka.

Gael aligeuza mifuko yake. Zilianguka karanga na msumari. "Basi sirudi tena hapa," alisema, akielekea langoni.

Mama Honorine, aliyekuwa akichambua maharagwe mlangoni, aliinuka. "Gael, ngoja kwanza. Mbelu, tupa weye."

Mbelu akatupa. Sita. Falonne akatupa. Sita. Mbelu akarudia: tano, kisha sita.

Falonne hakucheka tena. "Mama, zamani tulikuwa tunatupa siye. Hatukushindwa hata siku moja. Yaya Lucien alikuwa anatudanganya?"

Mbelu aliisukuma dadu mbali naye. Afadhali Gael angekuwa mwizi.

Mama aliligeuza jiwe kiganjani. Upande wa moja ulikuwa madini tupu ya shaba, wa kijani na mzito. Upande wa sita ulikuwa jiwe jeupe, jepesi. Upande mzito ulikuwa ukienda chini karibu kila mara, na sita ikabaki juu.

"Alilisugua hapa hapa, ku sakafu," alisema polepole. "Nikamwambia, hii jiwe iko nzito upande moja. Akacheka: 'Acha tu, mama. Batoto bote barudie ku nyumba.'"

"Watoto wote warudi nyumbani," Falonne alirudia. Mama alipangusa uso kwa kitenge chake.

"Alifanya kwa mapendo, lakini dadu ya vile haiko ya haki. Na weye, Mbelu, ukiwa na shaka, pima kwanza. Ulishika mutu mbele ya kushika jiwe. Neno 'mwizi' nalo hutupwa mara moja, kurudilia, hapana."

"Gael, unisamehe," Mbelu alisema.

"Mi bado nimekasirika," Gael alijibu. Lakini aliokota karanga zake, akaketi, akawagawia.

Wiki hiyo Gael alichonga dadu ya mti, na wote watatu wakaijaribu mpaka wakaridhika. Ile ya jiwe iko ndani, mbele ya picha ya Lucien. Wanacheza kila Jumapili baada ya misa, na kila mtu anajitupia mwenyewe. Jumapili iliyopita Mbelu alitupa moja, na mwindaji wake akafa.