Ngozi ya Saba

"Kageuze zile ngozi, mdogo wangu. Ziko sita tu. Mimi kichwa kinanipasuka."

Dada mtu alisema hayo bila kumtazama. Mdogo mtu hakujiuliza mara mbili. Baba yao alipofariki aliwaachia kiwanda cha ngozi, na dada ndiye aliyemlea. Neno lake lilikuwa sheria.

Jua lilikuwa linazama alipofungua mlango wa bati. Harufu ya chokaa na mafuta yaliyooza ikampokea kama kawaida. Akawasha taa, akachukua mti wenye ndoana, akaanza kuzigeuza ngozi zilizolowekwa kwenye shimo la maji ya chokaa. Moja... mbili... hadi sita.

Ndoana ikanasa tena.

Saba?

Akavuta. Ilikuwa nyepesi, nyembamba, haina hata unywele. Akaitandaza ukingoni. Haikuwa ya ng'ombe. Wala ya mbuzi. Kwenye bega la kushoto palikuwa na kovu la kuungua, pana kama kiganja.

Kovu lile alilijua. Uji wa moto ulimmwagikia akiwa na miaka minne.

Akaingiza mkono ndani ya blauzi, akapapasa bega lake.

Laini.

Kovu halikuwapo.

"Njoo..." Sauti ilitoka shimoni, ya kike, ya upole. "Dada yako alituambia wewe hubishi."

Maji ya chokaa yakaanza kutokota, na moto hakuna.

Alitupa mti, akatoka mbio, kiatu kimoja mguuni.

Nyumbani alimkuta dada katika chumba cha mdogo wake, anakunja nguo za huyo mdogo na kuzishindilia kwenye gunia. Dada alishtuka kama aliyeona maiti.

"Mbona umerudi?"

Hakusema pole. Hakuuliza kulikoni.

"Dada... umenifanya nini?"

"Wale wa shimoni walitaka mmoja wetu." Machozi yalimchuruzika. "Kwanza waliziharibu ngozi zote, zikaoza. Halafu wakaja ndotoni, wakamtaja mwanangu. Ningefanyaje? Mimi nina watoto. Wewe huna mtu."

"Nilikuwa na wewe."

Mdogo mtu akalibeba lile gunia, akaondoka.

Siku hizi anaishi mji mwingine, anashona nguo; ngozi yake ilibaki kule shimoni. Kila mwezi dada humpigia simu. Haombi radhi. Huuliza jambo moja tu, kwa kunong'ona:

"Umeanza kusikia baridi?"

"Bado," humjibu, na kukata simu.

Mwezi uliopita alijibu hivyohivyo. Ilikuwa saa saba mchana, jua linachoma, naye amejifunika mablanketi matatu.