Tai wa Mvua za Vuli

Mvua za vuli zikianza, tai wengi hupita juu ya nchi ya Garsen. Abdia, mama yake Darmi, aliwajua tangu utotoni. Lakini mwaka huo wa 1998 hakufurahi kuwaona.

"Wezi wamerudi," alimwambia mumewe, Issack, huku akikamua mbuzi.

Kila baada ya siku chache walipoteza mtoto wa mbuzi. Alfajiri mama yake hulia, mtoto hayupo.

"Leo nitawakomesha," Issack alisema. Alikuwa amenunua sumu. Aliipaka kwenye mzoga wa mbuzi aliyekufa kwa ugonjwa, akauburuta hadi uwandani. Kisha akapeleka ng'ombe bwawani.

Punde akaja mgeni. Alikuwa Hulda, Mpokomo wa kijiji cha Golbanti. Kazi yake ilikuwa kuhesabu tai wapitao, ili ijulikane kama wanaongezeka au wanapungua.

"Hodi, Mama Darmi. Naomba kukaa kwenye tuta lenu. Hapo naona mbali."

"Karibu, dada. Lakini wezi unawahesabia nini?"

Hulda akacheka. "Kaa nami unisaidie. Macho yangu peke yangu hayatoshi."

Wakakaa. Tai walikuwa wametulia juu ya miti kando ya mto.

"Mbona hawaruki?" Abdia akauliza.

"Wanangoja jua. Ni wazito hawa. Ardhi ikipata moto, hewa hupanda, nayo huwainua. Kabla ya hapo hawaendi mbali."

Jua likakolea. Tai mmoja akainuka, akazunguka, akapaa. Wenzake wakamfuata. Hulda akamwonyesha Abdia namna ya kuhesabu kumi kumi, na kuweka kokoto moja kwa kila kumi. Abdia alizoea kuhesabu mbuzi wakikimbilia bomani jioni. Macho yake yalikuwa mepesi.

"Umeacha wawili, dada. Wale karibu na wingu."

"Kweli! Nimewaona."

Tai wengine walishuka kwenye kichuguu, wakawa wanaokota kumbikumbi.

"Ndege mkubwa hivi anakula kumbikumbi?"

"Sana. Na panya, na nzige."

Abdia akaitazama miti ya kando ya mto. Kisha akasema polepole, "Dada, mbuzi wetu hupotea alfajiri. Saa hizo hawa bado wako mitini."

"Basi tukatazame boma."

Wakalizunguka boma la miiba. Kwa nyuma, chini ya miiba, palikuwa na tundu. Kwenye tope palikuwa na nyayo kama za mbwa mdogo.

"Bweha!" Abdia akasema. Mara akakumbuka mzoga. "Sumu! Baba Darmi ameweka sumu!"

Akakimbia, Hulda nyuma yake. Tai wawili walikuwa wameshatua, wanausogelea mzoga. Abdia akapunga leso na kupiga kelele. Wakaruka.

Issack akaja mbio kutoka bwawani. "Mbona unawafukuza? Waache waule!"

"Mwizi ni bweha. Nimeona nyayo zake kwa macho yangu."

"Basi na ale yeye, afe."

"Na mbwa wetu je?"

Hulda akasema kwa upole, "Kaka, mvua ikinyesha, sumu itateremka na maji. Ng'ombe wako wanakunywa wapi?"

Issack akageuka. Bwawa lilikuwa chini tu ya pale. Ng'ombe wake wote walikuwa wamesimama majini.

"Wallahi," akasema, "hilo sikulifikiria."

"Usiushike mzoga kwa mikono mitupu," Hulda akamwambia. Wakachimba shimo refu mbali na maji. Wakausukumia mzoga humo kwa miti, pamoja na udongo uliokuwa chini yake. Wakafukia, wakaweka miiba juu ili mbwa wasifukue, kisha wakanawa kwa sabuni. Sumu iliyobaki Issack aliipeleka kwa afisa wa mifugo.

Kesho yake wakachimbia vigingi kulizunguka boma lote, wakaongeza miiba mipya. Watoto wa mbuzi wakajengewa kibanda chao katikati. Bweha alikuja, akazungukazunguka, akaenda zake. Hakuna mtoto wa mbuzi aliyepotea tena.

Vuli iliyofuata Hulda alirudi. Alimkuta Issack ameshakaa juu ya tuta, shingo ameinua.

"Habari za hapa, kaka?"

"Ngoja kwanza! Usinisemeshe, nitapoteza hesabu."

Abdia, aliyekaa kando yake, akacheka. "Ameshaipoteza, dada. Amehesabu na korongo!"