Mkamwana Aliyemkimbia Baba Mkwe

Tabea alikuwa mke wa Yoeli, mkulima wa Lyamkena, karibu na Makambako. Ilikuwa enzi ya Mwingereza. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mahindi, Tabea alichochea moto, akachemsha viazi, akamfungia binti yake Ema vichache katika kitambaa. Ema alikuwa darasa la nne. Shule ya misheni ilikuwa ng'ambo ya msitu wa miwati.

Yoeli alikuwa ametoa sharti moja tu.

"Msichana hapiti peke yake katika ile miwati," alisema. "Akiwa na mwenzake, aende. Akimkosa, abaki achunge mbuzi."

Mwenzake alikuwapo. Aliitwa Beatrisi, binti wa Anyisile, fundi seremala wa kambi ya barabara. Walikuwa Wanyakyusa, watu wa Tukuyu. Wasichana wengine wote walitoka upande wa pili wa shule. Kwa hiyo pasipo Beatrisi, Ema hakuwa na shule. Tabea alilijua hilo vizuri. Yeye mwenyewe hakujua kusoma. Kanisani alishika kitabu cha nyimbo kama wenzake, lakini aliimba kwa kichwa. Hakutaka binti yake naye ashike kitabu kilichofungwa.

Baada ya mavuno shule iliwaalika wazazi. Akina mama walikaa majanini, mbele ya darasa. Mama Beatrisi alikuja na kikapu cha ndizi za kwao, akakaa kando ya Tabea.

"Kamwene, Mama Beatrisi."

"Kamwene, Mama Ema. Leo nimeitika Kibena vizuri?"

"Umeitika kama umezaliwa Njombe."

Wakacheka. Wakati huohuo Anyisile akatokea barabarani pamoja na mzee mmoja mwenye fimbo. Alikuwa baba yake, ameshuka asubuhi ile kutoka kwenye basi la Mbeya, naye alitaka kumwona mjukuu wake.

Mama Beatrisi alipomwona tu, alijifunika kanga kichwani hadi usoni. Akainuka. Kikapu kikapinduka, ndizi zikatawanyika, naye akakimbia mbio akazama katika shamba la mahindi. Yule mzee naye akageuka, akasimama akitazama ukuta wa darasa.

Akina mama walishika midomo. Kisha kicheko kikawaponyoka.

"Amemwibia nini baba mkwe wake?" aliuliza Kristina, jirani yake Tabea.

Kwa Wabena, watu wa akina Tabea, mkamwana akimwona baba mkwe hukimbia kweli, lakini humkimbilia. Hupiga magoti, humpokea mzigo, humnawisha mikono. Kumpa kisogo ni tusi kubwa.

Jioni ile Tabea alimsimulia Yoeli huku akisonga ugali. Hakuishia kusimulia. Alijitupia kanga usoni, akakimbia kuzunguka mafiga na mwiko mkononi. Yoeli alicheka hata akakohoa. Ema, aliyekuwa akipepeta maharage, alicheka hata machozi yakamtoka.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, watoto walibuni mchezo. Mvulana mmoja alishika fimbo, akawa mzee. Ema alijifunika sweta kichwani, akakimbia akipiga kelele. Watoto wote wakaangua kicheko. Beatrisi alisimama akatazama. Kisha akachukua ubao wake, akaenda nyumbani peke yake.

Asubuhi iliyofuata hakupita kumwita Ema. Wala ile iliyofuata.

"Basi," alisema Yoeli, "mbuzi wanakungoja."

Tabea alimwita binti yake jikoni.

"Mmegombana na Beatrisi?"

"Hapana."

"Kwa nini hapiti?"

Ema alichezea ncha ya sweta lake. "Nilimwigiza mama yake."

"Ukamwigiza mama wa mwenzako? Nani amekufundisha utovu huo?"

"Wewe, mama. Kwa mwiko."

Tabea alichukua kanga yake, akaenda kwa Mwalimu Nikodemo, aliyemfundisha Ema.

Mwalimu alikuwa Mbena, lakini alisomea ualimu pamoja na vijana wa Rungwe, kwa Wanyakyusa. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama Ema," alisema, "mumeo hula mbele ya mama yako mzazi?"

"La, mwalimu. Mkwe atakulaje mbele ya mama mkwe?"

"Akikutana naye njiani?"

"Huacha njia, akashuka majanini mpaka mama apite."

"Na mama yako husema, mkwe wangu ni mwizi, ananikimbia?"

"Husema ana adabu."

Tabea akaanza kuona.

"Kwa Wanyakyusa," alisema mwalimu, "anayepewa heshima hiyo ni baba mkwe. Mkamwana hamtazami usoni. Hapiti njia yake. Akitokea ghafla, hujificha. Wakristo wengine wameanza kulegeza, wengine hawajalegeza. Yule mama hakumtukana mzee. Alimheshimu kwa miguu yote miwili."

"Nasi tukamcheka."

"Mlimcheka kwa sababu hamkuuliza. Lakini lawama si yenu tu. Mimi nimewafundisha watoto hawa milima ya Ulaya na miji ya Bara Hindi. Sijawafundisha habari za mtoto anayekaa nao dawati moja."

Kisha akamwambia jambo lililomshtua. Mzee amekasirika. Keshokutwa, basi likirudi Mbeya, atamchukua Beatrisi akasome Tukuyu, mahali ambapo mama yake hatachekwa.

Tabea hakurudi nyumbani. Alimpitia Ema machungani, wakaenda kambini. Mzee alikuwa amekaa nje mbele ya nyumba. Tabea alipiga magoti, kama desturi ya kwao.

"Baba, shikamoo. Mimi ndiye mama wa mtoto aliyemwigiza mkweo. Lakini mtoto alijifunza kwangu. Tumekuja kuomba radhi."

Mzee alimtazama Ema. "Wewe ndiye uliyekimbia?"

"Ndiyo, babu."

"Ulikimbia vizuri kama yeye?"

"Hapana, babu. Nilijikwaa."

Mdomo wa mzee ulicheza kidogo, lakini hakucheka.

"Sikilizeni," alisema. "Siku ile nilijivuna. Nilisema moyoni, mwanangu ameoa mwanamke mwenye adabu, hata ugenini hajaisahau. Kisha nikasikia kicheko nyuma yangu. Radhi yako nimeipokea, mama. Lakini mjukuu wangu atakwenda. Wewe umeelewa. Watoto wale wengine wameelewa?"

Tabea alifikiri. "Hawajaelewa, baba. Hakuna aliyewaambia. Mwalimu anaweza kuwaambia, lakini kwa mdomo wako wataamini zaidi. Njoo kesho shuleni. Ukiona hawafai, keshokutwa basi lipo."

Mzee alichora chini kwa fimbo yake. "Nitakuja," alisema.

Kesho yake darasa lilijaa. Mzee alisimama mbele, karibu na ramani. Mama Beatrisi naye alitaka kusikia, lakini hakuweza kuingia. Alikaa nje, nyuma ya ukuta, chini ya dirisha. Tabea alikuwa amekaribishwa ndani pamoja na wazazi wengine. Alitoka, akaenda kukaa naye.

Ndani mzee alieleza habari za kwao polepole, kwa Kiswahili. Mvulana mmoja akauliza, "Babu, nyumba ikiwa na mlango mmoja, na wote wawili wako ndani?"

"Ndiyo maana tunakohoa kabla ya kuingia," alijibu mzee. "Ukinisikia nakohoa sana, usidhani naumwa."

Darasa zima lilicheka, na Mama Beatrisi nyuma ya ukuta akajiziba mdomo kwa kanga.

"Mama Ema," alinong'ona, "nami nikwambie. Nilipohamia hapa, nilimwona mkamwana wa Kibena akimnawisha baba mkwe mikono, wakitazamana. Nilifumba macho. Nilisema, hawa wanasali kila Jumapili, kumbe haya hawana."

"Ulisema hivyo?"

"Nilisema. Mume wangu alicheka mpaka akakohoa."

Tabea alimtazama, kisha wote wawili wakainamisha vichwa wakicheka kimyakimya, mabega yakitikisika.

Mzee alipokwisha, Mwalimu Nikodemo aliwaambia watoto, "Heshima ni moja, njia zake ni nyingi. Huko Japani watu huvua viatu mlangoni. Mzungu huvua kofia. Ukiona jambo la mgeni likikushangaza, kabla hujacheka, muulize. Kuuliza si ujinga."

Tangu siku ile, kila Ijumaa mtoto mmoja alisimama akaeleza desturi moja ya kwao. Alisimama Mkinga, akasimama Msangu, akasimama na mtoto wa dereva Mwislamu kutoka Tabora. Wabena nao walisimama, wakagundua kwamba hata wao wana mambo ya kueleza.

Basi lilipoondoka kwenda Mbeya, mzee alipanda peke yake. Beatrisi alibaki. Ema alimwomba radhi njiani, katika miwati. Beatrisi alimjibu kwamba amesamehe, ila kwa wiki nzima Ema amchukulie ubao wake. Ema aliuchukua. Yoeli alichunga mbuzi mwenyewe.

Mwisho wa mwaka wasichana wote wawili walifaulu mtihani wa darasa la nne, wakaenda shule ya kati ya bweni. Ema alirudi likizo ya kwanza akiwa amerefuka. Walipokuwa wakila, alisema, "Mama, tuna mwenzetu mmoja, ametoka pwani. Siku ya kwanza alikataa kula nyama. Wasichana walianza kusema anatudhania wachawi."

"Nawe ulifanya nini?" aliuliza Tabea.

"Nilimuuliza."

"Akasema?"

"Kwao nyama huliwa ikiwa imechinjwa na Mwislamu, kwa dua. Hakujua aliyechinja ni nani. Mimi na Beatrisi tulimwambia mwalimu, sasa mnyama huchinjwa na mzee wa dukani, ambaye ni Mwislamu, nasi wote tunakula sufuria moja."

Yoeli aliacha kutafuna. "Na nyama hiyo ina ladha gani?"

"Ya nyama, baba."

"Basi hakuna aliyepungukiwa," alisema Yoeli, akamega tonge jingine.