Chumba Kilichokatwa Mwisho

Duka la vifaa vya kuchorea lilijaa wanafunzi mchana ule. Kijana mmoja, mikono ya shati lake imeganda gundi, alikuwa amesimamisha foleni nzima akipima ukingo wa kadibodi kwa kipimo cha chuma. Nyuma yake muuguzi mwenye sare ya samawati na sweta jekundu aliishiwa subira.

"Kaka, hiyo kadibodi ina homa?"

Watu wakacheka. Kijana naye akacheka.

"Natengeneza nyumba za mfano, Sista. Ukuta wa sentimita ishirini, ukiupunguza mara hamsini, unakuwa milimita nne. Ukizidi, nyumba inakuwa gereza. Ukipungua, inakuwa boksi la viatu."

"Na wewe unaishi kwenye lipi?"

"Boksi. Ila kuna nafasi ya mtu mmoja."

Muuguzi akageuka pembeni kuficha tabasamu. Alipotoka dukani alikuwa ameshampa kijana namba yake ya simu, na jina la utani: Milimita.

Wakaendelea kwa simu. "Umekula, Milimita?" "Nimekula gundi." "Basi leo hufungui mdomo, nitapumzika." Milimita alipotaja ndoa, Sista alimwambia jambo moja tu.

"Siji peke yangu. Mama yuko kwenye kiti cha magurudumu, na hana mwingine."

"Mama atakuwa na chumba chake," Milimita alijibu upesi. Labda upesi mno.

Akaanza kutengeneza mfano wa nyumba yao. Kadibodi nyembamba ya kuta za ndani ilikuwa imekwisha dukani, naye alitaka kumshtukiza mpenzi wake siku ya mapumziko, kwa hiyo akatumia ile nene kila mahali. Alianza na sebule, kikafuata chumba chao, kisha chumba chake cha kazi. Cha Mama akakikata mwisho.

Sista alikuja na gauni la kijani, nywele zimesukwa upya. Alisifia madirisha, akasifia hata mapazia. Milimita alipoingia jikoni kuchemsha chai, yeye alikata kiti kidogo cha karatasi. Vipimo vya kiti cha mama yake alivijua kama vya kiatu chake.

Chai ilipofika, alikuwa mlangoni.

"Nimeitwa kazini," alisema, bila kumtazama.

Milimita aliporudi mezani alikiona kiti cha karatasi. Kilikuwa kimekwama kati ya kitanda cha Mama na ukuta.

Alipiga simu mara nyingi. Hatimaye ikapokelewa.

"Ni kadibodi, mpenzi. Kuta nne za ndani, kila mmoja umezidi milimita mbili."

"Kwenye nyumba ya kweli ni kiasi gani?"

"Zote pamoja, sentimita arobaini."

"Mama anazihitaji hizo kugeuza kiti. Sebule imepungua?"

"Hapana."

"Chumba chetu? Chako cha kazi?"

"Hapana."

"Mbona hasara yote imemwangukia yeye?"

"Nilikikata mwisho."

"Kwa nini ulikikata mwisho?"

Simu ikakatika.

Milimita aliliwaza swali hilo siku nyingi, akipiga msasa kuta za nyumba za watu wengine. Alijaribu kujiambia kwamba ilitokea tu, lakini moyo haukukubali. Kweli yenyewe ilikuwa chungu: alihofia kwamba wakioana, Sista atakuwa anatoka wodi moja na kuingia nyingine nyumbani, na yeye abaki akipewa masalio.

Akaubeba mfano hadi nyumbani kwa kina Sista. Sista alifungua mlango nusu.

"Nilikuwa naogopa," Milimita alisema. "Sikujua mpaka uliponiuliza."

"Na sasa?"

"Bado naogopa. Kidogo."

"Nani huyo anaogopa?" Sauti ya Mama ilitoka ndani.

"Milimita, Mama."

"Mwingize. Mimi sing'ati."

Milimita aliuweka mfano mezani, akaondoa paa. Kuta za ndani zilikuwa nyembamba. Chumba cha kazi hakikuwepo. Nafasi yake ilikuwa ya Mama, na kile kiti cha karatasi kilisubiri mlangoni.

Mama alikisukuma kiti cha karatasi kwa kidole. Kikaingia, kikazunguka duara zima, kikatoka, kikavuka sebule mpaka mlango wa chumba cha wapenzi. Akaugonga kwa ukucha.

"Na huku?"

"Huku utapiga hodi kwanza, Mama," Milimita alijibu.

Mama alicheka mpaka akakohoa. Sista hakucheka.

"Utafanyia kazi wapi?"

"Sebuleni. Mtanivumilia na gundi."

"Sijasema ndiyo."

"Najua."

Sista akakichukua kiti cha karatasi, akakirudisha chumbani kwa Mama, karibu na dirisha, na polepole akaifunika nyumba kwa paa lake.