Mugeni wa Saa Sita

Ile sahani ilirudi safi, lakini baridi kama jiwe ya mutoni, na ilikuwa inanuka samaki ya kuoza. Emérita aliigeuza-geuza. Sasa hivi tu alikuwa ameipitisha kwenye dirisha ya tiketi, imejaa maharagwe ya moto, akamupa mwanamuke mumoja aliyepiga hodi. Hakumuuliza jina. Kwao Nyamitaba, kule milimani mu Masisi, mugeni anakulaka kwanza. Kumuuliza jina mbele ashibe ni haya kubwa.

Lakini kwao ilikuwa mbali. Bwana yake Evode njo alikuwa shefu wa gare, kagare kadogo ka treni chini ya muji wa zamani wa pwani, na walikuwa wanaishi mulemule. Ile siku treni haikupita. Basi yule mwanamuke alishukia wapi?

"Dada, umelisha jini," Samy, mulinzi wa gare, alimunong'oneza. "Huku, muntu wa saa sita ya muchana tunamuulizaka jina kwanza. Kama hana, anaenda."

Evode alicheka mupaka akakohoa. "Jini inakulaka maharagwe? Ninyi watu ya pwani, hata mbu ikilia munasema jini!" Ndivyo alivyokuwa: tangu wamupe ofisi, kila muntu kwake ni takataka.

Kesho yake saa sita, hodi dirishani. Kesho kutwa, mulangoni. Kila mara Emérita alitoa sahani. Siku ya ine sauti ilitoka ndani ya nyumba, nyuma ya shingo ya Emérita: "Mama, maharagwe nimeshiba. Leo unipe maziwa."

Emérita alikuwa ananyonyesha Shekinah, wa miezi mine. Maziwa ikakauka, mutoto akawa analia bila machozi, na ile harufu ya samaki ikapanda kwenye pagne ya kubebea mutoto, ikaingia mu godoro, ikalala kwenye nywele za mutoto, na kila Emérita alipomuweka kwenye titi moja, alisikia kwenye titi ya pili midomo mingine, baridi, inavuta, inavuta, haishibe.

"Mwanamuke muvivu," Evode alisema. "Kula, maziwa itakuja."

Siku ya saba, hodi ilipopigwa, Emérita alisimama bila sahani. Haya ya kwao ilimuchoma uso, lakini mutoto alikuwa mwepesi kama nguo tupu.

"Wewe ni nani? Nani alikuzaa? Hata mbwa ya kwetu iko na jina! Hapa hakuna chakula yako, hakuna maziwa yako. Toka, muchafu!"

Ile midomo ikaachilia.

Ofisini, Evode aliita kwa kucheka: "Maskini! Kuya kwangu, mama. Shefu hafukuzake muntu!"

Mulango ya ofisi ikajifunga, polepole.

Jioni maziwa ilirudi, Shekinah akanyonya mupaka akasinzia. Treni ikafika. Samy akagonga ofisi: "Shefu, toka! Treni iko hapa!"

Sauti ya mwanamuke ikajibu: "Ingoje. Bado ninakula."

Samy alimugeukia Emérita. "Dada, tumusaidie?"

Emérita alikaza mutoto mugongoni, akatema mate chini, akapanda treni.

"Yeye njo alimukaribisha," alisema. "Amulishe."