Gando la Kushoto

Kila siku ya shule ilianza na unga. Kabla jua halijafika kwenye mabati ya Ngarenaro, mtaa wa Arusha, Rukaiya alikuwa ameshaketi kwenye kigoda, anakanda unga wa maandazi mpaka mabega yakamuuma. Tangu mama yake, Bi Siwema, ajifungue, kazi ya meza ya chai karibu na soko ilikuwa imemwangukia yeye. Asubuhi alikanda na kuchoma, jioni aliosha masufuria. Baba yake alikuwa dereva wa lori la kwenda Tunduma. Akirudi nyumbani alilala tu, kisha akaondoka tena.

"Umechoka, mwanangu?" Bi Siwema aliuliza kutoka chumbani. Alikuwa akimnyonyesha Nasri, kichanga aliyelia usiku na kulala mchana.

"Hapana, mama."

Alijibu hivyo kila siku. Mama yake mwenyewe alikuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi, na Rukaiya hakuona sababu ya kumwongezea mzigo. Akaoga, akavaa sare, akaenda shule huku miguu ikiwa mizito kana kwamba siku ilikuwa inaisha badala ya kuanza.

Rukaiya alikuwa darasa la sita. Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa sayansi, lililofundishwa na Mwalimu Elinipa. Siku moja mwalimu huyo aliingia darasani akiwa amemshika mkono mzee mrefu, mwembamba, aliyevaa koti zito na miwani minene. Nyuma yao wanafunzi wawili walibeba moja ya makasha yaliyojaa chupa za kioo.

"Huyu ni Mzee Dismasi," alisema Mwalimu Elinipa. "Ni mtu wa hapa hapa Meru, nyumbani kwake ni Usa River. Lakini maisha yake yote ya kazi alikuwa pwani, akichunguza viumbe wa baharini. Amestaafu, na ameizawadia shule yetu mkusanyo wake."

"Shikamoo, babu!" darasa zima lilimwamkia.

"Marahaba, wajukuu zangu. Pitisheni hizo chupa. Mnaona nini humo ndani?"

Ndani ya kila chupa, katika maji ya dawa ya kuhifadhia, kulikuwa na kombe. "Konokono!" walisema wengi.

"Tazameni vizuri zaidi."

Rukaiya aliinua chupa yake kwenye mwanga wa dirisha. Mdomoni mwa kombe palichungulia miguu yenye viungo, na gando moja dogo. "Ni kaa, babu. Amejificha ndani ya kombe la konokono."

"Umeona vyema! Huyu tumwite kaa wa makombe. Kwa kweli si kaa halisi, ni binamu yake tu. Kaa halisi ana gamba gumu mwili mzima. Huyu tumbo lake ni laini, limejipinda kama mkia wa mjusi, kwa hiyo hutafuta kombe lililoachwa na konokono aliyekufa, akaingia humo. Akikua, anahamia kombe kubwa zaidi. Duniani wapo zaidi ya aina elfu moja. Wapo wa ufukweni na wa vilindini kusikofika jua. Wengine hubeba juu ya makombe yao viumbe laini wanaofanana na maua, wenye sumu ya kuwafukuza adui."

"Sasa unawatofautishaje, babu?" aliuliza Elinami, mvulana aliyekaa dawati moja na Rukaiya. "Kwa kombe?"

"Hapo ndipo wengi wanapokosea. Kombe si lake. Aina moja ya kaa unaweza kuikuta katika makombe ya kila namna. Mtazame mwenyewe. Mwanzo kabisa, angalia magando. Wapo ambao gando la kushoto ni kubwa kuliko la kulia. Wapo ambao la kulia ndilo kubwa. Na wapo ambao yanalingana. Na mkumbuke, ni kushoto kwake, si kushoto kwako. Akikutazama usoni, kushoto kwake kuko upande wako wa kulia."

Kisha alivua miwani, akaifuta polepole kwa kitambaa. "Makasha yalilowa mvua njiani na vibandiko vyote vya majina vikatoka. Ningevirudisha mwenyewe, lakini nina presha ya macho. Nyuso zenu hapo mbele naziona kama ukungu. Daktari ameniambia hata huo ukungu utakwisha. Nataka chupa hizi zipangwe upya nikiwa bado naona kidogo. Nahitaji macho yenu."

Mwalimu Elinipa aliwachagua Rukaiya na Elinami.

Kazi ilifanyika stoo, baada ya vipindi. Walipewa kibano, lenzi ya mkono na meza tatu: ya kushoto, ya kulia na ya magando yaliyolingana. Haikuwa kazi rahisi. Kaa wengi walikuwa wamejivuta ndani kabisa. Ilibidi kumtoa kila mmoja kwenye chupa, kumgeuza chini ya lenzi, kusubiri maji yachuruzike, halafu kutazama tena. Siku ya kwanza walimaliza chupa chache tu.

Siku ya pili Elinami hakuja. Alikuwa ameugua matumbwitumbwi, na mashavu yamemvimba.

"Utaweza peke yako, au tumsubiri apone?" aliuliza Mwalimu Elinipa.

"Nitaweza, Mwalimu," alisema Rukaiya. Aliogopa kwamba akisema hapana, kazi hiyo atapewa mwingine.

Juma lile Nasri alishikwa na homa. Usiku Rukaiya na mama yake walipokezana kumbeba, na asubuhi unga ulikuwa ukingoja kama kawaida. Siku ya Alhamisi, Rukaiya aliingia stoo, akaketi, akashika lenzi, na usingizi ukamchukua akiwa amelaza kichwa mezani. Alipozinduka, jua lilikuwa limeshuka na mlinzi wa shule alikuwa akigonga mlango ili afunge. Makasha matatu hayakuwa yameguswa. Na kesho Mzee Dismasi angekuja kusikiliza matokeo.

"Naomba dakika chache, kaka!" Rukaiya alisema.

Aliyatazama makombe ndani ya chupa. Marefu yenye ncha aliyapeleka meza ya kulia. Ya mviringo yakaenda meza ya kushoto. Yaliyobaki akayaweka meza ya tatu. Hakufungua hata chupa moja. Ilikuwa kazi nyepesi, na ilipokwisha meza zilipendeza kweli.

Kesho yake Mzee Dismasi aliketi kwenye kiti katikati ya stoo, mikono juu ya fimbo. "Zamani ningewatoa mwenyewe," alisema. "Siku hizi vidole vinatetemeka, naogopa kuwavunja. Haya, niambie. Meza ipi imejaa zaidi?"

"Ya kulia, babu."

"Ya kulia?" Mzee aliinua kichwa. "Una hakika, mjukuu wangu?"

"Ndiyo, babu."

"Basi nilikosea," alisema Mzee kwa sauti ya chini. "Bahari yetu ni ya joto, na maji ya ufukweni ni ya kina kifupi. Miaka yote nimewafundisha vijana kwamba huku wa gando la kushoto ndio wengi, na wa kulia ni wachache. Kumbe nilikuwa nao makabatini mwangu na sikuwaona. Labda macho yalianza kuharibika mapema kuliko nilivyodhani." Akajaribu kutabasamu. "Si neno. Nitampigia Daktari Agnela. Alikuwa mwanafunzi wangu, sasa ni mhadhiri Dar es Salaam. Lazima aje aone."

Aliondoka akipapasa ukuta, na mgongo wake ulionekana umeinama kuliko alipokuja.

Jumatatu Elinami alirudi. Aliinua chupa moja kutoka meza ya kulia, akaigeuza. "Rukaiya, mbona huyu gando lake kubwa ni la kushoto?"

"Unaangalia upande wako," Rukaiya alijibu haraka. "Umesahau alivyosema babu?"

"Aa, kweli," alisema Elinami, akairudisha chupa mahali pake. Alimwamini. Rukaiya aligeukia dirishani, kwa maana uso ulikuwa unawaka kwa aibu. Alikuwa amemdanganya kwa kutumia maneno ya kweli ya Mzee.

Mchana ule hakuweza kumeza makande ya shule. Alikwenda ofisini, akasimama mlangoni, na kabla Mwalimu Elinipa hajamuuliza kitu alianza kulia. Alieleza yote: usingizi, makombe, na jinsi alivyomjibu Elinami.

Mwalimu hakumkaripia. Alisema, "Maneno haya si ya kuniambia mimi peke yangu. Jioni tutakwenda Usa River. Nitazungumza na mama yako kwanza."

Nyumba ya Mzee Dismasi ilikuwa katikati ya migomba na mibuni. Aliwakaribisha barazani, akaagiza waletewe loshoro ya mahindi na maziwa, lakini Rukaiya hakugusa bakuli lake.

"Babu, nilikudanganya," alisema. "Sikuwatazama kaa. Nilipanga kwa makombe."

Mzee aliacha kula. Kuku walipita chini ya baraza, na mtu akasikika akikata kuni kwa jirani.

"Tangu Ijumaa sijalala vizuri," alisema Mzee. "Nimelala chali nikihesabu vijana niliowafundisha uongo. Unajua ni wangapi?"

"Nisamehe, babu."

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Nilichoka."

"Na kwa nini hukusema umechoka? Mwalimu wako alikuuliza. Ningengoja wiki, hata mwezi."

Mzee alitoa simu mfukoni, akampa Mwalimu Elinipa amtafutie namba. "Nilimwambia Daktari Agnela habari isiyo ya kweli, na ilitoka kwako. Utaongea naye wewe."

Rukaiya aliishika simu kwa mikono miwili. Sauti ya mwanamke iliitikia, na Rukaiya akarudia yote, kuanzia mwanzo, kwa mtu asiyemjua. Daktari Agnela akasema, "Nilikuwa nimeshaomba ruhusa ya kusafiri, na nilikuwa nimeanza kuwaambia wenzangu. Umenisumbua, siwezi kukuficha. Lakini bora nimejua leo kuliko baada ya kuandika. Mkimaliza kweli, nijulisheni."

Waliporudi, Bi Siwema alikuwa akiwasubiri mlangoni, Nasri mgongoni. Rukaiya alitegemea kugombezwa. Mama yake alimvuta ndani, akamkalisha kitandani. "Nilikuwa naona," alisema. "Naona unavyosinzia ukikanda. Nikawa najiambia kesho itakuwa afadhali, kwa sababu na mimi sikuwa na nguvu ya kufikiri." Jioni ile ile alimpigia simu mdogo wake, Kauthar, aliyekuwa akiishi Moshi. Mama mdogo Kauthar alikuja Jumamosi na mkoba mmoja, akaichukua kazi ya unga, na hakutaka kusikia neno.

Kabla ya kuanza upya, Rukaiya alimwambia Elinami ukweli. Elinami alikasirika. Alifanya kazi siku nzima bila kumsemesha, akimpa chupa kwa kuzisukuma tu mezani. Siku iliyofuata alimuuliza kama kibano kiko upande wake, na Rukaiya akajua kwamba mambo yatatengemaa.

Walirudisha chupa zote kwenye makasha na kuzitoa moja moja. Macho yaliwauma, na dawa ya kuhifadhia iliwachubua vidole. Rukaiya alipohisi usingizi alisema, "Nimechoka, naomba tupumzike," na maneno hayo mwanzoni yalimwia magumu kuliko kazi yenyewe. Wakipumzika, walikaa kizingitini wakanywa maji. Kisha walirudi.

Ilichukua majuma kadhaa. Meza ya kushoto ilijaa mpaka ikabidi kuongeza dawati. Ya magando yaliyolingana ilipata chupa za kutosha. Meza ya kulia ilibaki tupu, hadi siku ya mwisho, katika kombe lisilozidi ukucha wa kidole gumba, Elinami alipomwona kaa mdogo mwenye manyoya. Walimgeuza chini ya lenzi kwa zamu. Waliamua kila mmoja peke yake kwanza, ndipo wakasemezana: gando lake kubwa lilikuwa la kulia.

Mzee Dismasi alipoletwa, aliuliza swali lile lile. Rukaiya alimjibu meza kwa meza, na mahali ambapo hawakuwa na hakika alisema hawana hakika. Mzee alitikisa kichwa kukubali kila jibu. Alipoambiwa juu ya yule mmoja wa kulia, aliomba apewe ile chupa ndogo. Aliisogeza karibu na jicho lake la kushoto, lililokuwa na nafuu, akaitazama kwa muda, kisha akaishusha.

"Simwoni," alisema. "Lakini leo naweza kulala, kwa sababu nawaamini walioona."

Wanafunzi wengine walikuwa wamejaa mlangoni. Aliwageukia.

"Wajukuu zangu, nimefanya kazi hii kwa miaka mingi, na karibu kila siku nilichoka. Kuchoka si kosa, na wala si aibu. Ukichoka, sema umechoka, upumzike au usaidiwe. Kazi iliyobaki nusu, mwingine anaweza kuimalizia. Lakini kazi ambayo hukuifanya, ukasema umeifanya, hakuna atakayeirudia, kwa sababu kila mtu anaamini imekwisha. Rukaiya alikosea, kisha akanijia nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, wakati mimi nisingeweza kamwe kumgundua. Hilo nalo mlikumbuke."

Mwalimu Elinipa alimshika mkono kumwongoza nje. Rukaiya na Elinami walibaki stoo, wakakata karatasi ndogo ndogo za vibandiko, na kuanza kuandika.