Bonde Bila Ukungu

Fundi miwani alifika kwa Nyaya jua likiwa limeshazama na taa za barabarani zinawaka moja moja. Nyaya, mtengeneza kompyuta, alikuwa ameshusha nusu ya mlango wake wa chuma. Alipoviona viatu vya mteja kwa chini akaupandisha tena bila kuuliza, maana hii ilikuwa jioni ya nne mfululizo.

"Umeamua?"

"Bado naamua."

"Kaka, watu wameposa na kuoa kwa muda mfupi kuliko huu."

Fundi miwani akacheka kidogo, cheko la kuazima. Akasogea kwenye kabati na kuitazama ile kadi ya grafiksi, kile kipande kinachoichorea kompyuta kila unachokiona kwenye skrini. Ilikuwa nene, nyeusi, ina feni tatu. Ya kwake nyumbani ilikuwa na feni moja tu, nayo ilikoroma kama mtu mwenye pumu.

"Hebu nieleze tena," alisema. "Nikiweka hii, ukungu utaondoka?"

Nyaya akashusha pumzi. "Ule si ukungu wa kweli. Kadi yako imechoka. Haiwezi kuchora vitu vya mbali, kwa hiyo gemu linaficha aibu kwa kuweka ukungu. Hii hapa inachora mpaka mwisho wa bonde. Utahesabu majani ya mlima wa pili ukitaka." Kisha akamkazia macho. "Lakini gemu lenyewe la kulima vitunguu! Hizi watu wananunua kwa ajili ya vita na mbio za magari."

"Nataka kuona mbali."

"Mbali kuna nini?"

Fundi miwani akainama kuzihesabu feni upya.

Ngoja nikwambie mimi alichokuwa akikificha, usije ukamwona mpuuzi bure. Gemu lile halikuwa lake, lilikuwa la mkewe. Mkewe alikuwa mwalimu wa hesabu. Akirudi kazini anavua viatu mlangoni, anakaa mbele ya kompyuta, anamwagilia shamba lake dogo lililokuwa katikati ya bonde: vitunguu, maboga, na ukuta wa mawe aliopanga jiwe kwa jiwe. Kompyuta waliinunua imeshatumika, kwa bwana mmoja aliyekuwa anahama kwa haraka kweli, hata magemu yake hakuyafuta. Mara ngapi fundi miwani alimwambia mkewe, nikununulie kadi nzuri, uone bonde lako lote? Na kila mara mke akajibu, "Acha. Ukungu wangu unanitosha." Mume akadhani ni ubahili wa walimu, akamtania, yakaisha.

Miezi kumi na moja iliyopita, figo zikamwondoa.

Wiki ya pili baada ya mazishi aliiwasha kompyuta mara ya mwisho kabla ya kuifungia kabatini moja kwa moja. Akakuta vitunguu vimenyauka. Ikamuuma kuliko alivyotegemea. Akavimwagilia. Kesho yake akavimwagilia tena, na tangu hapo ikawa ndiyo kazi yake ya jioni. Mchana kutwa anasaga lenzi za watu, jioni anapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, anakula kwa kusimama, anamwagilia vitunguu ambavyo havipo. Usiku analala ukingoni mwa kitanda cha watu wawili, upande wake uleule. Alikuwa mpweke. Sina namna nyingine ya kulisema.

Sasa, gemu lile halina watu. Lina kuku, lina mbuzi, basi. Ndiyo maana wiki tatu nyuma alipoinua macho kutoka kwenye maboga, kijiko kilimponyoka mkononi.

Mwisho wa shamba, pale ukungu unapoanzia, palikuwa na mtu amesimama.

Lilikuwa umbo tu, la kijivu. Kichwa kimelalia bega la kushoto kidogo, kama mkewe alivyokuwa akifanya akisahihisha madaftari. Na mikono imefunguliwa wazi, pande zote mbili, kama mtu anayesema njoo.

Alimwendea. Lakini ukungu wa gemu una tabia yake: ukipiga hatua kumi, nao unarudi nyuma hatua kumi. Umbo likarudi nalo. Alimfuata mpaka macho yakamwasha, asimkaribie hata kidogo. Jioni zote hizo alikaa akimtazama, akihama kiti, akifuta skrini kwa kitambaa cha kufutia miwani. Mtu mzima na akili zake.

"Leo nimemkabidhi mama mmoja miwani," alimwambia Nyaya, macho bado kwenye kabati. "Miaka hakuwa akiona mbali. Akaivaa, akamtazama mumewe aliyekaa kwenye benchi ng'ambo ya barabara, akasema, kumbe umezeeka hivi. Kisha akatoka akamfuata, wakaondoka wameshikana mikono."

Nyaya akatoa ufunguo. Akafungua kabati.

"Na ile kuukuu niifanyeje?" aliuliza fundi miwani akihesabu pesa.

"Baki nayo. Hata wa vyuma chakavu hawaitaki."

Nyumbani aliweka kila kitu mezani kwa utaratibu, maana mikono yake ilizoea vitu vidogo. Akachomoa umeme. Akafungua ubavu wa kompyuta, akapuliza vumbi, akalegeza skrubu moja. Kadi kuukuu ilikuwa imeng'ang'ana. Akaivuta kwa kuitikisa, huku na huku, mpaka ikaachia.

Harufu ikamfikia puani.

Haikuwa ya vumbi. Wala ya waya ulioungua... Ilikuwa harufu ya udongo, udongo mbichi, uliochimbuliwa sasa hivi. Akageuka kutazama dirisha. Lilikuwa limefungwa, na nje yake hakukuwa na chochote ila ukuta wa jengo la jirani. Akajikaza. Akachomeka kadi mpya, akahamishia huko waya wa skrini, akawasha.

Feni tatu zikazunguka bila sauti yoyote. Kimya kile hakukipenda. Miaka yote chumba kile kilikuwa na mkoromo wake, na sasa aliisikia saa ya ukutani, na koo lake likimeza mate.

Bonde likafunguka.

Kulikuwa na mto! Miaka yote hiyo walikuwa na mto hawaujui. Kulikuwa na msitu, na mlima, na nyuma ya mlima mlima mwingine. Na mbele ya mto, hatua kama themanini kutoka kwenye kibanda cha shamba aliposimama yeye ndani ya gemu, alikuwepo mkewe. Si umbo. Yeye. Blauzi ya bluu. Nywele alizosukwa na dada yake kule wodini, mistari sita. Hereni moja, maana nyingine ilipotea hospitali.

Machozi yalimtoka kabla hajajua analia.

Kisha akagundua kitu.

Alikuwa amempa mgongo.

Muda wote ule kwenye ukungu alidhani mkewe anamtazama. La. Mikono ile iliyofunguliwa haikuwa ya kumwita yeye. Ilikuwa mikono ya mtu anayezuia mlango. Alikuwa amejitanua, amekita visigino ardhini, na anatazama mtoni.

Fundi miwani naye akatazama mtoni.

Kadi ile ilichora kila jani. Ilichora maji, ilichora mawe ndani ya maji. Lakini ukingoni mwa mto palikuwa na pahali ambapo haikuchora kitu. Palikuwa patupu. Na utupu ule ulikuwa na mabega. Ulikuwa na kichwa, juu kabisa, usawa wa matawi ya miti.

Kichwa kile kilikuwa kimeinama upande mmoja, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo.

Kilikuwa kinamtazama yeye.

Kikapiga hatua.

Mkewe akarudi nyuma hatua moja. Hakurudi kwa hiari, alisukumwa. Visigino vyake vilichora mifereji miwili kwenye udongo. Na kutoka kwenye spika ndogo za mezani ikaja sauti, ya chini kabisa, ileile aliyokuwa akiitumia mkewe kila yeye aliposahau kufunga mlango wa jikoni.

"Rudisha..."

Akaisogelea spika. "Mke wangu?"

"Rudisha ukungu."

Akazima. Hakuzima kwa utaratibu, alichomoa waya ukutani. Akabaki amesimama katikati ya chumba, jasho jembamba linamtiririka, ile harufu ya udongo inazidi. Simu ilipolia nusura aitupe.

Alikuwa dada wa marehemu. Kila Ijumaa hupiga kumjulia hali.

"Shemeji, umekula?"

"Nimekula," akasema, naye hajala. Kisha ikamtoka yote kwa mkupuo: kadi, bonde, blauzi ya bluu, kile cha mtoni. Alitegemea shemeji acheke, au amwambie akapumzike.

"Shemeji, nisamehe," yule dada akasema, na alikuwa analia. "Siku ile ya mwisho aliniagiza kwako. Alisema, mwambie asibadilishe kadi. Nikadhani ni homa. Nani anakata roho anazungumzia kadi ya kompyuta?"

"Alisema nini tena?"

"Kwamba ndani mle kuna mtu, mlimkuta mle mle mliponunua kompyuta, na kwamba mtu huyo hajamwona bado mwenye nyumba, yaani wewe. Ukungu unafunga macho ya pande zote mbili. Ndivyo alivyosema. Na kwamba yeye mwenyewe..." akapiga kwikwi. "Alisema, mimi nitaenda kukaa pale katikati. Nikamwambia, lala dada."

Fundi miwani alikaa chini, kwenye sakafu.

"Shemeji, unanisikia? Ile ya zamani unayo?"

"Ipo hapa mezani."

"Irudishe. Sasa hivi, nikiwa kwenye simu."

"Nairudisha."

Na kweli alishika bisibisi. Usidhani ni mtu mbaya, wala mjinga. Alifungua ubavu, akaweka kidole kwenye skrubu. Dakika tano za kazi na ukungu ungerudi, na mkewe angekuwa salama kwenye zamu yake, umbo la kijivu, mbali, siku zote umbali uleule. Yeye angemwagilia vitunguu mpaka uzee.

Lakini alikuwa ameona kisogo chake. Alikuwa ameona hereni. Ungekuwa wewe ungefanyaje, miezi kumi na moja hujamwona mtu wako, halafu uambiwe ulishone pazia kwa mkono wako mwenyewe?

Mara moja tu, akajiambia. Nimtazame mara moja, kisha nafunga.

"Umemaliza?" shemeji aliuliza kwenye simu.

"Nimemaliza."

Alipowasha, mkewe alikuwa amekaribia hatua kumi.

Jioni ya pili, nyingine kumi. Kwa kazi yake fundi miwani anajua vipimo, hakuhitaji karatasi. Kila akiwasha, kile cha mtoni kinasogea, na kila kinaposogea kinamsukuma mwanamke yule kuja nyumbani. Aliomba ruhusa kazini, akasema ana mafua. Hakula. Udongo ulianza kuonekana kwenye sakafu, chengachenga, karibu na miguu ya meza, naye aliufagia asubuhi bila kujiuliza. Shemeji alipiga tena Jumatatu. Akamwambia ukungu umerudi mzito, hauonekani hata ukuta wa mawe. Shemeji akamshukuru Mungu, na sauti yake ilitulia.

Jioni ya tano mkewe alipita katikati ya vitunguu vyake, akavivunja kwa visigino, asiviangalie.

Jioni ya nane alikuwa uani, mbele ya kibanda. Karibu kiasi kwamba fundi miwani aliona jasho shingoni mwake, na mabega yanayotetemeka kwa kuchoka. Mikono bado ameitanua, lakini ilikuwa imeshuka. Nyuma ya vidole vyake hakukuwa tena na mto, wala msitu, wala anga. Palikuwa patupu tu, mpaka juu.

"Rudisha," alinong'ona. "Mume wangu, siwezi tena... rudisha, nakuomba."

Kadi kuukuu ilikuwa palepale mezani, kando ya kiwiko chake. Aliisukuma pembeni apate pa kuegemea. Akavuta kiti, akakaribia, paji la uso likagusa skrini. Ilikuwa na ubaridi, na ilinuka mvua. Mkewe alikuwa anaanza kugeuza uso, taratibu, lilionekana shavu sasa, na ncha ya pua.

Hakuwa amejisikia kuwa na mtu karibu namna ile kwa muda mrefu sana.

"Zimebaki hatua mbili tu," alimnong'oneza. "Njoo, mke wangu. Mbili tu."